Jani la Gimbi na Bawa la Ndege

Msomaji wa Zongwe, katika eneo la Kalemie, ambako barafu haijulikani ila ile ya mvua ya mawe na ya jokofu, huenda akauliza rangi ya kuzuia barafu yamhusu nini. Ilhali asili ya ilimu ya rangi hiyo imo katika jani la gimbi, ambalo mvua ikilinyea, matone huviringana mithili ya lulu, yakaporomoka pamoja na vumbi, wala jani lenyewe halirowi. Siri yake, ambayo Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis wa Ujerumani waliibainisha mwaka 1997 kwa jani la yungiyungi la Hindi, ni vinundu vidogo mno vyenye nta, vinavyoshikilia hewa chini ya tone. Tangu hapo wataalamu wamejitahidi kuiga umbile hilo kwa rangi ya kupaka juu ya mabawa ya ndege na nyaya za umeme za nchi za baridi, ili tone liteleze kabla halijaganda. Hila ni nzuri, lakini si kamili: unyevu wa hewa ukigandia baina ya vinundu, barafu hung'ang'ania zaidi, na kila ibandukapo huvichuna. Kwa sababu hiyo, hata leo, penye barafu, ndege kabla ya kuruka hurashiwa glikoli ya moto, kimiminika cha kuyeyushia barafu.