Kabla ngano haijafika kinuni

Ukitoka Nanyuki kwenda Meru, mashamba ya ngano huanza kukuandama kabla hujafika Timau, Mlima Kenya ukiwa upande wako wa kulia. Ngano hiyo huvunwa kwa kombaini, hupakiwa malori na kupelekwa viwandani. Tunapokutana nayo tena katika maduka ya Meru na Embu, imekuwa unga mweupe wa chapati, mandazi na mkate. Pumba nazo huuzwa, ila kwa agroveti, ndani ya gunia la chakula cha ng'ombe. Mfugaji wa maziwa anaijua thamani yake: akizikosa kwa wiki moja, ndoo ya asubuhi itamwambia.

Basi ng'ombe wetu wanakula sehemu ya ngano ambayo miili yetu inaihitaji sana, nasi tunabaki na wanga. Sisemi tuache chapati. Ninachosema ni kwamba punje ya ngano inaweza kuliwa nzima, ikachemshwa kama tunavyochemsha mahindi, na hakuna mahali Kenya ambapo jambo hili lingekuwa rahisi kuliko huku, kwa sababu ngano iko karibu na wapishi wa githeri wamejaa kila nyumba.

Punje ya ngano ina sehemu tatu. Ganda la nje, ambalo ndilo pumba, ni kama asilimia 14 ya uzito wake. Kiinitete, ile sehemu inayochipua ukiipanda, ni asilimia 3 hivi. Kinachobaki ni wanga pamoja na protini kiasi. Kinu cha unga mweupe huondoa ganda na kiinitete. Kiinitete huondolewa kwa sababu kina mafuta, na mafuta hayo yakishasagwa huvunda upesi na kuufanya unga unuke. Lakini katika ganda na kiinitete ndimo mlimo na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, chuma, zinki na nyuzinyuzi. Gramu 100 za ngano nzima zina nyuzinyuzi gramu 12 hivi; gramu 100 za unga mweupe hazifiki hata 3.

Tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya inawataka wenye viwanda kuurudishia unga wa pakiti, wa ngano na wa mahindi, baadhi ya vitamini na madini. Ni sheria njema na imewafaa wengi, hasa wajawazito. Nyuzinyuzi, hata hivyo, hazimo katika orodha hiyo. Ni chakula cha bakteria wema wanaoishi katika utumbo mpana; huzuia kufunga choo, hushusha lehemu mbaya katika damu na hupunguza kasi ya sukari kuingia mwilini. Mwaka wa 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mtu mwenye miaka kumi au zaidi ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, zitokane na vyakula vyenyewe, si vidonge.

Huenda ukasema kula ngano ya kuchemsha ni mambo ya hoteli za kitalii. Sivyo. Pwani yetu inaipika tangu zamani. Bokoboko la Mombasa, Lamu na Zanzibar ni ngano iliyopikwa na nyama ikapondwa mpaka ikavutika, na huliwa Ramadhani na harusini. Waomani na Waarabu wengine wa Ghuba huiita harisi, na mwaka wa 2023 UNESCO ilikiweka chakula hicho katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Tofauti ni kwamba kwa bokoboko ngano hupikwa mpaka ikapoteza umbo, na mara nyingi hutwangwa kwanza ganda litoke. Tunayoizungumzia hapa hubaki punje kwa punje, na ganda lake.

Tuje jikoni. Peta ngano, ichambue mawe, ioshe mara tatu au mpaka maji yawe safi. Iloweke usiku kucha kama maharagwe. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya, vikombe vitatu kwa kila kikombe cha ngano iliyopimwa ikiwa kavu. Ikichemka, punguza moto, funika. Iliyolowekwa huchukua dakika 45 hadi saa nzima. Isiyolowekwa inaweza kula makaa kwa saa moja na nusu, na Timau ikazidi hapo.

Kwa nini Timau? Kwa sababu ya mlima. Usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi joto 100, na kila ukipanda mita 300 hivi kiwango hicho hushuka kwa nyuzi moja. Mjini Embu, kwenye mita 1,350 hivi, maji huchemka kwa nyuzi 95 na ushei. Timau, kwenye mita 2,300 hivi, ni nyuzi 92. Sufuria inatokota vilevile, povu linapanda vilevile, lakini joto lenyewe ni kidogo, na ganda la ngano halilainiki mpaka lipate joto la kutosha kwa muda wa kutosha. Ndiyo maana sufuria ya presha ni mali kubwa huku juu: hupandisha joto kupita nyuzi 110, na ngano iliyolowekwa huiva kwa nusu saa au chini yake. Kutia magadi ili iive haraka sikushauri. Magadi hulainisha ganda, ni kweli, lakini huharibu vitamini B1, mojawapo ya mali zilizotufanya tuifuate ngano nzima.

Saa si kipimo cha kutegemea sana, tegemea meno. Chota punje tatu, zipulize, ziume. Punje ambayo bado ina kitu kigumu cha kama chaki katikati haijaiva. Iliyoiva huwa laini ukiiuma, kisha hukuvuta kidogo ulimini kama mpira, na huacha utamu unaokaribia wa karanga mbichi. Katika sufuria utaona punje moja moja zimepasuka na kuonyesha weupe wa ndani. Zikipasuka nyingi umeelekea bokoboko, epua. Chuja, tia chumvi, na usimwage ule mchuzi, maana una vitamini zilizoyeyuka. Utie kwenye kitoweo.

Kikombe kimoja cha ngano kavu hutoa vikombe viwili na nusu vya ngano iliyoiva, na hutosha watu wanne kama kitu cha kuambatana na mboga. Kila mmoja atapata zaidi ya gramu 5 za nyuzinyuzi, yaani zaidi ya moja ya tano ya kile kiwango cha siku. Ipoe kidogo, ichanganye na kachumbari ya nyanya, kitunguu, dhania na parachichi, uikamulie ndimu. Au ikaange na kitunguu na karoti, uiandae kwa terere au kunde. Ninayoipenda kuliko zote ni ngano na ndengu za Mbeere, nusu kwa nusu. Protini ya ngano ina upungufu wa lisini, na jamii ya kunde inayo tele. Vikiwa sahani moja kimoja humtimizia mwenzake. Ni hekima ileile ya githeri, mahindi na maharagwe, ambayo bibi zetu waliifuata bila maabara.

Na ndimu ile si mapambo. Ganda la ngano lina asidi ya fitiki, ambayo hushika chuma na zinki zisifyonzwe. Kuloweka hupunguza sehemu yake, na vitamini C ya ndimu na nyanya husaidia chuma kufyonzwa. Chai hufanya kinyume. Tumezungukwa na majani chai na tunayanywa na kila mlo, lakini tanini zake huzuia chuma, hivyo mwenye upungufu wa damu akinywe kikombe chake saa moja mbali na chakula.

Kwa mwenye kisukari, punje nzima ina faida ya pekee. Mwaka wa 1981 David Jenkins na wenzake wa Toronto, Kanada, walichapisha kipimo cha vyakula kwa jinsi vinavyopandisha sukari ya damu, glukosi ikiwa 100. Mkate mweupe huwa kwenye 75 hivi. Ngano nzima ya kuchemsha huwa chini ya 55, daraja la chini, kwa kuwa vimeng'enya vya tumbo hupata kazi kuufikia wanga uliofungwa ndani ya ganda. Ukiisaga, ukuta huo unabomoka, hata kama pumba zimebaki kwenye unga. Faida hiyo haifuti kipimo: sahani iliyofurika bado ni wanga mwingi, na anayetumia dawa za kisukari azungumze na mhudumu wake wa afya kabla ya kubadilisha mlo.

Ngano iliyoiva isilale kwenye sufuria juu ya jiko. Kuna bakteria ambao mbegu zao huhimili kuchemshwa, kisha huamka chakula kinapokuwa vuguvugu na kutoa sumu ya kutapisha ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kama una friji, iingize ndani ya saa mbili. Kama huna, pika ya kumalizika siku hiyo. Na kuna wasiopaswa kuila kabisa: wenye mzio wa ngano na wenye ugonjwa wa siliaki, ambao utumbo wao huumizwa na gluteni. Hao wana wimbi na mtama wa Tharaka na Mbeere.

Neno la mwisho ni la sokoni. Ngano ya mbegu hutiwa dawa ya kuua kuvu na kupakwa rangi, mara nyingi nyekundu au waridi. Rangi inaweza kutoka kwa kuosha, sumu isitoke. Nchini Iraq, mwishoni mwa 1971 na mwanzoni mwa 1972, familia za wakulima zilioka mikate kwa ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya zebaki. Maonyo kwenye magunia yaliandikwa kwa lugha za kigeni. Zaidi ya watu 6,000 walilazwa, na 459 kati yao wakafa hospitalini. Kwa hiyo kabla hujanunua gorogoro moja, iwe soko la Gakoromone mjini Meru, Embu au langoni mwa shamba Timau, mwulize muuzaji waziwazi: hii ni ya kula au ya kupanda? Asipokuwa na jibu la hakika, iache.