Je, Wajua? Tai naye huingizwa mjini

Wawindaji wa bata Marekani hutandaza bata bandia majini, kisha hujificha mateteni. Wakati mwingine anayeshuka ni tai! Humkwapua bata wa plastiki, akakuta haliki.

Ujanja huo ni wa kale. Mwaka 1924, bata bandia 11 wa matete walipatikana katika pango la Lovelock, Nevada. Wana umri wa miaka 2,000 hivi.

Kituko hasa kiko Nova Scotia, Kanada. Mbwa mwekundu hurukaruka ufukweni akifuata kijiti anachorushiwa na mwindaji aliyejificha. Bata, kwa umbea wao, hawakimbii. Humsogelea wamtazame!

Nao bata wana yao. Bata akikamatwa na mbweha, hulegea kama mfu. Mbweha akizubaa, bata huyoo, karuka.