Ti-ti-ti! Nani Anagonga Kwenye Injini?

Ti-ti-ti-ti. Umesikia, mpwa wangu? Trekta limewashwa asubuhi huko Mkalama, liende kulima shamba la alizeti. Injini inanguruma vizuri, lakini ubavuni kuna kitu kinagonga. Ti-ti-ti-ti.

"Mjomba, kuna ndege humo ndani?"

Hilo ndilo swali! Wakubwa wengi hupita tu, hawaulizi. Ndege hayumo. Ni manifoldi inasema. Tuisikilize kwanza.

"Mimi ni chuma cha kumimina," inasema manifoldi. "Silinda ziko 4, na kila moja hunitemea moshi wake. Nauchukua wote, naupeleka kwenye bomba moja la ekzosi. Kazi ikiwa nzito, moshi huo hupita nyuzi 400. Maji yenu ya chai hapo Singida mjini huchemka kabla hata ya kufika nyuzi 100! Nimeungua miaka mingi. Sasa nimepasuka. Ti-ti-ti!"

"Chuma nacho kinapasuka?"

Muulize bibi kuhusu chungu chake. Akikiipua motoni hakiweki penye maji hata siku moja. Upande ulioguswa na maji hunywea, upande wa pili bado umetanuka, basi chungu hupiga ta! Manifoldi nayo hutanuka injini ikiwaka, hunywea ikizimwa. Leo hivyo, kesho hivyo. Halafu siku moja mvua inaimwagikia ikiwa ya moto. Chuma cha kumimina ni kigumu, lakini kupinda hakijui.

Kuna injini iitwayo Perkins 4.236, inayovuta baadhi ya matrekta ya Massey Ferguson. Hiyo ina ndugu yake wa majini, anayeendesha boti.

"Singida na boti wapi na wapi, mjomba?"

Usicheke! Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilipita mkoani kwetu. Ilikuwa vipande vipande ndani ya masanduku, ikapakiwa kwenye treni, ikapita Manyoni na Itigi mpaka Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Wakati huo iliendeshwa kwa mvuke. Dizeli ilikuja baadaye.

Sasa sikia ya boti. Manifoldi yake mara nyingi huzungushiwa maji ili chumba cha injini kisiwe tanuri. Ikipasuka kwa ndani, maji huweza kuingia kwenye silinda, na maji hayabanwi. Pistoni ikipanda ikayakuta, konrodi, ule mkono unaoishika pistoni, hupinda. Ndiyo maana fundi wa boti huogopa akiona maji ya kupoozea yanapungua na hajui yanakwenda wapi. Ufa ukiwa wa nje, moshi hujaa chini ya sitaha. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, gesi isiyoonekana wala kunuka, nayo inaua.

"Basi tuchukue spana!"

Pole pole. Tuisikilize kwanza. Mlio ukiwa mkubwa asubuhi na kufifia injini ikipata moto, shuku ufa, kwa kuwa chuma kimetanuka na kuuziba. Lakini gasketi, kile kizibo cha kwenye maungio, ikiungua nayo hudanganya hivyohivyo. Kwa hiyo tafuta masizi: mstari mweusi juu ya chuma chenyewe ni ufa, weusi kwenye maungio ni gasketi au nati iliyolegea. Bado una shaka? Injini ikiwa baridi, pakaza maji ya sabuni, fundi apulize hewa kwa kompresa kupitia bomba la ekzosi. Povu litakuonyesha.

Wapo watakaokuambia wachomelee. Mimi sipendi. Chuma cha kumimina kikichomelewa bila kupashwa moto kwanza na kupoozwa taratibu, hupasuka tena pembeni ya weldi. Tafuta manifoldi nyingine.

Kuitoa ndipo penye kazi. Nati zimeshikwa na kutu kwenye stadi, zile bolti zisizo na kichwa. Fundi mwenye pupa hukata stadi, na kipande hubaki ndani ya silinda hedi. Hapo utashinda na drili mpaka jioni. Mwenye subira hutia mafuta ya kulegeza kutu, akalala. Asubuhi anazungusha nati kidogo mbele, kidogo nyuma, anaongeza mafuta. Krii. Krii. Imetoka!

Kisha anakwangua gasketi kuukuu mpaka uso wa chuma ung'ae, anaupima kwa rula ya chuma kama umenyooka, anaweka gasketi mpya na manifoldi.

"Nati anaanza ipi?"

Ya katikati, mpwa wangu hodari! Halafu anakwenda nje, huku na huku, akikaza kidogo kidogo kwa mizunguko kadhaa. Akianza pembeni, chuma hukaa kwa mkazo na huenda kikapasuka tena.

Anawasha. Kimya ubavuni. Lakini hafungi boneti. Anaacha injini ipate moto, anaizima, inapoa, anarudi na spana. Gasketi imeshabanika, na nati mbili tatu zitakubali robo mzunguko zaidi.