Sensa ya Joto na Baridi ya Alfajiri ya Moiben

Moiben, nchi ya mahindi na ngano iliyo kaskazini-mashariki ya Eldoret katika kaunti ya Uasin Gishu, imeinuka juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,000, na kwa ajili ya mwinuko huo baridi yake ya alfajiri huingia mpaka ndani ya chuma cha gari lililolala nje. Mkulima mwenye Probox au pikapu, aliyekusudia kufikisha maziwa yake kabla jua halijapanda, akiona gari linakataa kuwaka, au linawaka likatetemeka na kuzimika, aghalabu husikia hukumu tatu kwa majirani watatu: huyu husema plagi zimekufa, yule pampu ya petroli imechoka, wa tatu betri imekwisha, naye hutoa fedha kwa kila hukumu, na maradhi yakabaki palepale. Katika mabishano hayo hutajwa kwa nadra kifaa kisichozidi kidole gumba kwa ukubwa, yaani sensa ya joto la maji ya injini.

Ncha ya sensa hiyo imezama katika maji yanayozunguka injini, na ndani yake mna punje ambayo ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyozidi: katika magari mengi ya Toyota, mathalan, ukinzani huwa karibu omu 2,500 joto likiwa nyuzi 20, ukashuka mpaka karibu omu 320 joto likifika nyuzi 80. Kompyuta ya gari hupeleka umeme wa volti 5, ikapima kilichobaki, na kwa habari hiyo ikakadiria petroli ya kumiminwa, wakati wa kupiga cheche na saa ya kuwasha feni. Injini baridi hutaka petroli nyingi. Kwa hiyo sensa ikitoa habari ya uongo kwamba injini ni baridi hali imekwisha kupata moto, petroli huendelea kumiminwa bila haja, plagi zikashika masizi, ekzosi ikatoa moshi mweusi na fedha ya mwenye gari ikateketea. Ikiongopa kinyume chake, kwamba injini ni moto hali imelala usiku kucha katika baridi, gari hunyimwa petroli wakati linapoihitaji kuliko wakati wowote. Uongo huu wa pili huwatesa watu wa Moiben kuliko watu wa Mombasa, kwani pwani alfajiri ni vuguvugu na injini husamehe mengi.

Taa ya injini ikiwaka, fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta huenda akaona namba kama P0117, yenye maana kwamba umeme unaorudi ni mdogo mno, au P0118, kwamba ni mwingi mno kama wa waya uliokatika. Namba hizo hazisemi kwamba sensa imekufa. Husema tu kwamba habari inayofika haisadikiki, na kosa laweza kuwa katika plagi ya waya iliyoota kutu. Magari mengi habari hiyo ikikatika huzungusha feni tangu asubuhi bila kukoma, kwa tahadhari. Jaribio jepesi kuliko yote ni kusoma mashine alfajiri kabla gari halijawashwa: joto la maji na joto la hewa iingiayo katika injini yapasa yawe karibu sawa, na yakitofautiana kwa nyuzi 20 au 30, moja ya sensa hizo mbili haiaminiki.

Jaribio la pili ni kuifungua sensa, kuitia ncha katika maji ya moto na kuipima kwa mita ya umeme, na hapa ndipo penye mtego ambao vitabu vilivyoandikwa kwa nchi zilizo karibu na usawa wa bahari havionyi. Maji yachemkayo Moiben hayafiki nyuzi 100; kwa mwinuko ule huchemka karibu na nyuzi 93. Sensa nzima itasoma zaidi kidogo ya omu 200 katika sufuria hiyo, na fundi alinganishaye na jedwali la nyuzi 100, penye omu 180 hivi, ataitupa bila hatia. Atumie kipimajoto, asiamini mapovu.

Kuibadilisha si kazi kubwa. Injini iachwe ipoe kabisa, na mfuniko wa rejeta usifunguliwe kwa hali yoyote ungali moto. Waya hasi wa betri uondolewe, maji yapunguzwe kidogo, sensa ya zamani ifunguliwe kwa spana, na mpya, yenye namba ileile ya gari lile, ikazwe kwa kiasi pamoja na washa mpya, kwani nyuzi za skrubu ya sensa hukatika upesi kwa mkono wenye pupa. Kisha maji yaliyochanganywa na kulanti yajazwe, na hewa itolewe yote.

Gari lichemkalo likipanda kutoka bonde la Kerio kuelekea Iten ni jambo jingine: hapo zitazamwe kwanza rejeta, feni na pampu ya maji. Tena mafundi wengine, kwa kuogopa kuchemka huko, huondoa thamostati, yaani kilango kizuiacho maji yasifike kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, wakaitupa. Injini iliyoondolewa thamostati katika baridi ya Moiben haipati moto wake upesi, wala pengine haiupati kamwe. Sensa husema kweli kwamba maji ni baridi, kompyuta humimina petroli kama ilivyoamriwa, na lawama yote huiangukia sensa. Basi wewe ambaye gari lako limefanyiwa hivyo, irudishe thamostati kwanza, ndipo uende dukani Eldoret kuulizia sensa.