Amplifaya Kubwa za Vali: Ya Zamani au ya Kisasa?

Gitaa la umeme peke yake hutoa sauti hafifu. Nyuzi zake za chuma zikitetemeka juu ya sumaku iliyozungushiwa koili ya waya, volti ndogo sana huzalishwa katika koili hiyo. Kazi ya kuikuza volti hiyo mpaka iweze kuisukuma spika hufanywa na amplifaya. Ingawa transista imechukua nafasi ya vali katika redio na karibu vyombo vingine vyote vya elektroniki, wapigaji wengi wa gitaa bado wanapendelea amplifaya za vali. Baadhi yao hulipa fedha nyingi ili kupata amplifaya ya wati 100 iliyotengenezwa Uingereza katika miaka ya 1960. Wengine hununua mpya yenye nguvu ile ile. Mara nyingi uchaguzi huo hufuata sifa na majina tu. Hata hivyo, fizikia ya shule ya sekondari inatosha kuonyesha kwamba jambo la msingi si umri wa amplifaya, bali ni mahali ambapo wimbi la sauti hukatwa ndani yake, na ni wati ngapi ambazo masikio yanaweza kuzistahimili.

Vali hufanyaje kazi?

Vali ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa. Ndani yake kathodi hupashwa moto mpaka itoe elektroni, nazo huvutwa na anodi yenye volti chanya. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest aliweka kati ya vipande hivyo viwili kipande cha tatu, yaani gridi. Volti ndogo ikitiwa kwenye gridi hutawala mkondo mkubwa unaokwenda kwenye anodi, kama vile mkono unaozungusha koki unavyotawala maji mengi ya bomba.

Koki ina mipaka yake: ikifungwa kabisa maji hayawezi kupungua zaidi, na ikifunguliwa kabisa hayawezi kuongezeka. Vali nayo ni vivyo hivyo. Wimbi linaloingia likiwa kubwa mno, vilele vyake hukatwa. Wimbi lililokatwa vilele huwa na masafa mapya yasiyokuwemo mwanzoni. Kwa mfano, nota ya hertzi 220 huongezewa hertzi 440, 660, 880 na kuendelea. Katika redio hiyo ni kasoro. Kwa mpigaji wa gitaa, mkwaruzo huo ni sehemu ya muziki wenyewe, maana huifanya nota inenepe na idumu kwa muda mrefu zaidi.

Asili ya wati 100

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Jim Marshall, mwenye duka la vyombo vya muziki huko Hanwell, London, pamoja na mafundi wake, walitengeneza amplifaya iliyofuata kwa karibu saketi ya Bassman ya kampuni ya Fender ya Marekani. Wakati huo kumbi za muziki zilikuwa zikipanuka, lakini vipaza sauti vya ukumbini vilitumika hasa kwa waimbaji. Gitaa lilipaswa kujaza ukumbi kwa nguvu ya amplifaya yake lenyewe. Kwa sababu hiyo, mwaka 1965 Marshall alitengeneza amplifaya ya wati 100 kutokana na ombi la wanamuziki wa bendi ya The Who.

Baadaye mazingira yalibadilika. Siku hizi maikrofoni huwekwa mbele ya spika ya gitaa, na mitambo ya ukumbi ndiyo inayopeleka sauti kwa wasikilizaji. Sababu ya kwanza ya kuwapo kwa wati 100 imepungua sana, lakini wati zenyewe zimebaki.

Wimbi hukatwa wapi?

Kila amplifaya ya aina hii ina sehemu mbili. Sehemu ya mwanzo hukuza volti kwa vali ndogo. Sehemu ya nguvu, yenye vali kubwa, ambazo kwa kawaida ni nne, hupeleka wati kwenye spika kupitia transfoma.

Katika amplifaya nyingi za zamani, kitufe cha sauti kipo katika sehemu ya mwanzo tu. Vali kubwa hazianzi kukata wimbi mpaka kitufe hicho kizungushwe mbali, na wakati huo ukumbi mzima unatetemeka. Vali hizo hufanya kazi kwa jozi, upande mmoja ukisukuma na mwingine ukivuta. Mpango huo hufuta sehemu kubwa ya masafa ya namba shufwa yanayozalishwa na vali kubwa zenyewe, na kuacha zaidi yale ya namba witiri, kama vile 660 katika mfano uliotangulia.

Katika amplifaya ya kisasa, vali ndogo kadhaa hupangwa kwa mfululizo, kila moja ikikuza kazi ya iliyotangulia. Wimbi hukatwa humo humo, kisha kitufe kikuu hupunguza kiasi kinachokwenda kwenye vali kubwa. Katika miaka ya 1970, Randall Smith wa Mesa/Boogie huko California aliifuata njia hiyo, na Marshall nao walitoa amplifaya ya wati 100 yenye kitufe kikuu mwaka 1975. Vali ndogo hukata wimbi bila ulinganifu, hivyo hutoa masafa ya namba shufwa na witiri pamoja. Basi sauti hizo mbili hazifanani, lakini hakuna iliyo ya bandia. Tofauti kubwa ya kimatumizi ni kwamba ya pili hupatikana hata kwa sauti ya chini.

Hesabu ya desibeli

Watu wengi hudhani kwamba wati 100 hutoa sauti kubwa maradufu ya wati 50. Sivyo. Kuzidisha nguvu mara mbili huongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa maradufu, huhitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi.

Chukua spika inayotoa desibeli 97 kwa wati 1 katika umbali wa mita 1. Kwa wati 100 itatoa desibeli 117. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6. Hivyo katika mita 4 zitabaki desibeli 105. Ndani ya chumba hupungua kwa kiasi kidogo kuliko hicho, kwa kuwa kuta huirudisha sauti. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani hushauri kwamba mtu asikae katika desibeli 85 zaidi ya saa 8, na kwamba kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo ukatwe nusu. Kwa desibeli 105 muda unaobaki haufiki dakika 5. Kwa wati 1 tu, katika umbali ule ule, spika hiyo hutoa desibeli 85. Chembe za kusikia zilizokufa ndani ya sikio la binadamu hazioti tena.

Usalama wa umeme

Volti ya anodi katika amplifaya hizi hufika 400 hadi 500, na kapasita zake zaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa hiyo zisifunguliwe na asiye fundi. Kapasita za zamani hukauka kwa umri na lazima zibadilishwe. Amplifaya nyingi za zamani za Marekani zilikuwa na waya wa umeme usio na uzi wa ardhini, jambo lisilofaa kuachwa lilivyo. Mwaka 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey alifariki jukwaani huko Swansea, Wales, aliposhika maikrofoni isiyounganishwa vizuri na ardhi. Tena, amplifaya ya Marekani ya volti 120 ikichomekwa moja kwa moja katika umeme wa Afrika Mashariki, ambao ni wa volti 230 hadi 240, itaungua. Kadhalika, amplifaya ya vali isiwashwe na kupigwa bila spika, maana transfoma yake yaweza kuharibika.

Uchaguzi

Anayetaka mkwaruzo wa vali kubwa ataupata katika amplifaya ya zamani, iwapo ana mahali pa kuipiga kwa nguvu na fundi wa kuitunza. Kifaa cha kugeuza sehemu ya nguvu kuwa joto kabla haijafika kwenye spika kitamsaidia, mradi kilingane na ohmu za amplifaya. Anayefanya mazoezi nyumbani au shuleni atafaidika zaidi na ya kisasa, na mara nyingi wati 20 humtosha. Wati 100 zina faida ya kweli kwa anayetaka sauti safi isiyokwaruza hata nyuzi zikipigwa kwa nguvu, kama ile ya magitaa ya muziki wa dansi. Hata huyo, kabla ya kuuliza amplifaya ilitengenezwa mwaka gani, inampasa aupime ukumbi wake na kuyafikiria masikio ya watakaokuwamo.