Doa ni la Nguo, Si la Mtu

Wahenga walinena kwamba udongo uwahi ungali maji. Methali hiyo niliikumbuka Jumamosi iliyopita nyumbani kwetu Nkubu, mpwa wangu wa kidato cha pili alipowasili likizoni na shati jeupe lililojaa alama za chakula kilichokauka: yai, mchuzi, chai na utomvu wa ndizi. Shuleni alikuwa ametolewa kwenye gwaride kwa ajili ya shati hilo. Akabandika maji motoni.

"Maji moto ya nini?" mama yangu akamwuliza. "Wataka kulipika hilo yai mara ya pili?"

Mama hakusoma kemia, lakini alisema kweli. Yai na maziwa yana protini, nayo ikipata joto huganda na kushikamana na nyuzi za kitambaa. Dawa yake ni kukwangua taratibu kwa upande butu wa kisu, kisha kuloweka nguo katika maji baridi kwa muda wa nusu saa au zaidi kabla ya kutia sabuni. Mafuta ya mchuzi, kinyume chake, hutaka sabuni na maji ya uvuguvugu. Umanjano wa bizari hufifia nguo ikianikwa juani. Chai hulegezwa na ndimu au siki. Ama utomvu wa ndizi, ambao sisi watu wa Meru tunaujua mno, hugeuka kahawia ukipigwa na hewa, na ukishakauka aghalabu hautoki. Na wanaokimbilia Jik wasiichanganye kamwe na ndimu wala siki, kwani hutoa hewa ya sumu.

Kijana akachangamka, akainamia karai na kupaza sauti: "Leo naondoa madoadoa yote!"

Jirani yetu, aliyekuwa akimenya ndizi uani, akanyamaza ghafla. Mama huyo alihamia Nkubu mwaka 1992 kutoka Molo, baada ya nyumba yao kuteketezwa. Huko ndiko alikosikia watu wakiitwa kwa neno hilo. Kijana alipoelezwa, aliomba radhi.

Kiisimu, neno lenyewe halina hatia. Doa ni alama yenye rangi tofauti na ya mahali ilipo. Tukilirudufu neno, tunapata alama nyingi zilizotapakaa. Chui ana madoadoa, na ndege aitwaye kanga pia, wala hakuna asemaye kuwa wamechafuka. Lakini katika siasa za Bonde la Ufa za miaka ya 1990, neno hili liliondolewa kwenye nguo likabandikwa jirani wa kabila jingine, na kitenzi chake, kuondoa, kikaandamana nalo. Tukumbuke kwamba ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 ziliangamiza watu zaidi ya 1,100. Wala sisi wa Meru tusijitakase: Januari 2022 mwanasiasa wa kaunti yetu alikamatwa baada ya kulitamka jukwaani mjini Eldoret, ingawa mashtaka yake yaliondolewa baadaye. Mwezi Aprili mwaka huohuo, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiorodhesha miongoni mwa maneno ya chuki.

Je, tulifute kamusini? La hasha! Mtoto ataiitaje alama ya mchuzi? Ninachowaomba walimu wenzangu ni kulifundisha neno hili pamoja na historia yake, na kumfundisha mwanafunzi kufua shati kabla ya kumwadhibu kwa uchafu wake. Nanyi wanafunzi, mkilisikia neno hili, ulizeni kwanza: doa hilo li juu ya nini? Likiwa juu ya nguo, leteni karai na maji baridi. Likiwa ni jina la binadamu, mkanyeni msemaji papo hapo, udongo ungali maji.