Tangi la Lita 2,000 Chini ya Nyumba: Panga Njia ya Maji Kwanza

Samaki wa Ziwa Tanganyika wamesafiri mbali. Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki wa mapambo kutoka Burundi, alichapisha kitabu juu ya samaki wa ziwa hilo mwaka 1978, na tangu wakati huo wafugaji wa Ulaya na Amerika Kaskazini hawajaacha kuwatafuta. Miongoni mwa wanaowatamani sasa wamo pia Watanzania, Warundi na Wakongo waliohamia majimbo kama Minnesota na Ontario, ambako nyumba nyingi zina chumba kizima chini ya ardhi.

Nafasi ipo na hamu ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mpango. Mtu huanza na kioo na samaki, mabomba yakija mwisho. Ushauri wangu ni kinyume cha hapo. Kabla hujalipia chochote, ujue maji yataingilia wapi, yatatokea wapi, na yatakwenda wapi siku umeme utakapokatika au bomba litakapoziba. Maji hufuata mkondo. Usipoyaandalia mkondo yatajitafutia yenyewe, na chumba kilichozama ardhini hakina mlango wa kuyatolea nje.

Uzito na kimo

Tuchukue mfano wa tangi la kioo lenye urefu wa mita 3, upana wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 75. Likijaa linabeba lita 2,000 na ushei, yaani tani 2 za maji. Kwa vioo vya milimita 19, tangi tupu lina kilo 400 hivi. Ongeza stendi, mawe na mchanga, utakaribia tani 3 juu ya mita za mraba 2.7, au zaidi ya tani 1 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya mbao ya sebule ya Marekani kwa kawaida husanifiwa kubeba kama kilo 195 kwa mita ya mraba. Ndiyo sababu tangi la namna hii hushushwa chini, kwenye zege lililomwagwa juu ya kokoto. Anayejenga Mwanza au Mombasa, ambako vyumba vya chini ya ardhi ni nadra, aliweke juu ya jamvi la zege kwenye nyumba ya chini. Mengi yaliyobaki humu yanamhusu vilevile.

Usiiamini sakafu kwa macho. Sakafu za chini mara nyingi hupewa mteremko mdogo kuelekea tundu la maji. Zungusha pima maji pande zote, na tofauti yoyote irekebishwe chini ya stendi, kwa sababu kioo hakikunjiki: kikibebeshwa kona moja iliyoinuka, hupasuka. Kati ya stendi na kioo tandika shiti ya povu gumu, ila kama mtengenezaji wa tangi ameelekeza vingine.

Wengi hutamani tangi refu kwenda juu, nami nawasihi waliache. Kinachosukuma kioo ni kina cha maji, si wingi wake. Kwenye kioo cha mbele cha mita 3, maji ya kina cha sentimita 75 husukuma kwa nguvu ya kilo 840 hivi. Pandisha kina hadi mita 1, nguvu hiyo inafika kilo 1,500. Umeongeza theluthi moja ya kina, na mzigo wa kioo umepanda kwa karibu asilimia 80. Juu ya hayo, mkono haufiki tena chini kusafisha. Urefu na upana ndivyo vinavyompa samaki mahali pa kuogelea na kuyapa maji uso mpana wa kuvuta hewa.

Halafu kuna ngazi. Kioo cha mbele peke yake kina kilo 107, na tangi lililokamilika huenda lisikate kona ya ngazi hata likibebwa na watu kumi. Pima mlango, kona na dari kabla ya kuagiza. Mara nyingi njia bora ni kushusha vioo kimoja kimoja na kumwita fundi aviunge mahali pake kwa silikoni, kisha kuiacha ikauke wiki moja au zaidi kabla ya kutia maji. Akriliki ina karibu nusu ya uzito wa kioo na hutunza joto vizuri zaidi, lakini huchubuka kwa urahisi.

Mabomba

Tangi kubwa halichujwi kwa chujio la kuning'iniza. Maji humwagikia kwenye sanduku la pembeni, hushuka kwa bomba hadi tangi la chini lenye machujio na hita, kisha pampu huyarudisha juu. Weka mabomba matatu ya kushushia: la kwanza lijae maji na kubeba kazi kubwa, la pili lichukue mtiririko mdogo tu, la tatu lisubiri likiwa kavu. Konokono akiziba la kwanza, mengine yatapokea.

Umeme ukikatika, pampu husimama lakini maji huendelea kushuka mpaka yafike chini ya ukingo wa kumwagikia. Yakishuka sentimita 3 tu kwenye tangi letu, hizo ni lita 81. Tangi la chini liwe na nafasi tupu ya kuzipokea na ziada juu yake. Bomba la kurudishia nalo litobolewe tundu dogo karibu na uso wa maji. Bila tundu hilo litageuka mrija na kuvuta maji kinyumenyume.

Sasa piga hesabu ya kubadilisha maji. Asilimia 30 kwa wiki ni lita 600, ndoo 30 za lita 20. Hakuna atakayezibeba kwa miaka, na siku atakapochoka, samaki ndio watakaolipa. Kwa hiyo fundi bomba aitwe wakati kuta bado ziko wazi. Alete bomba la maji safi na mfereji wa kutolea majitaka. Mfereji wa barabarani ukiwa juu kuliko sakafu yako, utahitaji pampu ya kupandisha. Usichanganye mfereji huo na shimo la maji ya ardhini lililo katika nyumba nyingi za Amerika Kaskazini: shimo hilo kwa kawaida humwaga nje ya nyumba.

Baridi nayo ina hesabu yake. Maji ya bomba majira ya baridi yanaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mimina lita 600 za nyuzi 8 juu ya lita 1,400 za nyuzi 26, na tangi zima litateremka hadi nyuzi 20.6. Mshtuko huo huwadhoofisha samaki na kuwafungulia magonjwa. Dawa mojawapo ni kuyaingiza kidogo kidogo, kama lita 3.6 kwa saa usiku na mchana, yakipita kwenye chujio la mkaa na ziada ikitoka yenyewe mferejini. Lita 600 zitatimia kwa wiki, na hakuna ndoo itakayoguswa. Mkaa huo ukaguliwe na kubadilishwa kwa ratiba, maana miji mingi hutia kloramini, ambayo haitoki kwa kuyaacha maji yalale usiku mmoja kama ilivyo kwa klorini.

Unyevu na umeme

Maji mengine hutoka bila kuonekana. Uso wa tangi ukishuka milimita 4 kwa siku, lita 11 zimeingia katika hewa ya chumba. Zitatua kwenye ukuta wa baridi, nyuma ya jipsamu, na kuvu itaota mahali usipopaona. Funika tangi, weka feni inayotoa hewa nje, na mashine ya kukausha hewa yenye mpira unaomwaga moja kwa moja mferejini. Ndoo ya mashine hiyo ikijaa, mashine huzima, na hakuna anayeiona.

Soketi zote zipitie swichi kinga inayokata umeme pindi unapovuja, na ziwe juu kuliko tangi la chini. Kila waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuifikia, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni. Gawanya vifaa kwenye laini mbili, na badala ya hita moja kubwa tumia kadhaa ndogo. Hita moja ndogo ikigoma kuzima haina nguvu ya kuwapika samaki. Pampu ya hewa ya betri iwe tayari, kwa kuwa umeme ukipotea usiku, samaki wengi hufa kwa kukosa oksijeni kabla baridi haijawafikia.

Samaki

Maji ya Tanganyika ni magumu, pH yake ikikaribia 9, na hapo kosa la haraka huua. Amonia itokayo kwenye kinyesi huwa sumu zaidi kadiri pH inavyopanda. Kwa nyuzi 25, katika pH 7 sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Katika pH 9 inapita theluthi. Bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, huhitaji wiki nne hadi sita kukaa vizuri. Tangi liendeshwe na kulishwa amonia kidogo bila samaki, likipimwa, mpaka amonia na nitriti zisomeke sifuri.

Kwa ukubwa huu ningependekeza kundi la frontosa. Wale wa Kigoma wana mistari saba mahali wenzao wengi wana sita. Wanatoka kwenye maji ya kina, hivyo mwanga hafifu wa chumba cha chini unawafaa. Usiwachanganye na samaki wadogo, kwani watawala. Kuhe, anayejulikana vizuri na wavuvi wa Kigoma, mwache ziwani. Hata lita 2,000 hazimtoshi.

Kabla ya kuta kufungwa na samaki kununuliwa, jaza tangi, liendeshe wiki moja, kisha ulijaribu kwa makusudi. Zima umeme na uangalie tangi la chini linapokea hadi wapi. Ziba bomba la kwanza kwa mkono uone la pili na la tatu yanafanya nini. Mwaga ndoo sakafuni uone maji yanaelekea wapi. Likishindwa jaribio lolote kati ya haya, rekebisha na urudie. Frontosa anaweza kuishi zaidi ya miaka 15, na katika miaka hiyo umeme utakatika na bomba litaziba. Mwenye tangi anawajibika kuhakikisha siku hiyo ikifika, haitegemei yeye kuwepo nyumbani.